Kipungu: Maana na asili ya jina la ndege mbuai

NENO kipungu limo katika Biblia ya Kiswahili, na nduguye pungu yumo vinywani mwa wavuvi wa pwani. Hata hivyo, ni nadra mno kulikuta neno hilo katika insha ya mwanafunzi au katika taarifa ya habari. Siku hizi ndege yeyote mkubwa mwenye mdomo uliopinda na kucha kali huitwa tai. Akiwa mdogo kiasi cha kunyakua kifaranga uani, huitwa mwewe. Hapo orodha ya wengi huishia, ilhali Kiswahili kina pia kozi, kipanga, furukombe, kengewa, tumbusi na huyu kipungu.

Maana yake

Kipungu ni ndege mbuai mkubwa wa jamii ya tai. Ndege mbuai ni wale wanaoishi kwa nyama, ama wawinde wenyewe ama wale mizoga, na ambao wamejaliwa mdomo wa kurarulia na makucha ya kushikia. Wapo wazungumzaji wanaomwita kipungu na wapo wanaomwita pungu, maana haibadiliki. Kiambishi ki- kilichotangulia hapa hakimdunishi ndege huyo, kama vile hakimdunishi kifaru wala kiboko.

Kwa kuwa ni kiumbe chenye uhai, kipungu huingia katika ngeli ya A-WA licha ya umbo lake. Husemwa kipungu huyu anaruka, vipungu hawa wanaruka. Anayesema kipungu hiki kinaruka amefuata kiambishi akasahau uhai, na hilo ni kosa lile lile la kusema kipepeo hiki kinapendeza.

Katika matumizi ya wataalamu wa ndege, jina hili hupewa ndege mmoja mahususi, ambaye kwa kilatini cha sayansi huitwa Terathopius ecaudatus. Anayepita katika mbuga za Tsavo au Maasai Mara na kutazama juu mchana hawezi kumkosea. Mwili wake ni mweusi, mgongo una rangi ya kahawia iliyoiva, na uso na miguu ni myekundu. Upana wa mabawa yaliyokunjuliwa hufika kati ya sentimita 160 na 190, lakini mkia ni mfupi kiasi kwamba arukapo miguu huchomoza nyuma yake. Sehemu ya pili ya jina lake la kisayansi, ecaudatus, maana yake ni asiye na mkia.

Mruko wake ndio uliompa jina jingine huko Ulaya. Mfaransa François Levaillant, aliyezuru kusini mwa Afrika kati ya 1781 na 1784 na kuandika vitabu vya ndege wa bara hili, alimwita bateleur, yaani mcheza sarakasi. Kipungu hapigipigi mabawa. Huyakunjua, akayainua kidogo, kisha akayumba upande huu na upande huu kama mtu atembeaye juu ya kamba huku amenyoosha mikono. Anaweza kuendelea hivyo kwa saa nyingi, karibu na ardhi, akikagua nyika.

Jike na dume hutofautishwa kwa mabawa: la dume lina ukingo mpana mweusi kwa nyuma, la jike ukingo mwembamba. Huyo, hata hivyo, ni kipungu aliyekomaa. Kinda wake ni wa kahawia mwili mzima, tena ana mkia mrefu zaidi kuliko wazazi, na huchukua miaka 6 hadi 8 kupata rangi za utu uzima. Asiyelijua hilo humwona kinda akadhani ni ndege wa aina nyingine kabisa.

Asili zinazovutia lakini si za kweli

Sasa jina lilitoka wapi? Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, jibu la kwanza linalokuja ni kitenzi kupungua. Ndege ana mkia uliopungua, basi ni kipungu. Maelezo hayo ni matamu kwa sababu yanaoana na jambo linaloonekana kwa macho, nayo ndiyo hatari ya asili za namna hiyo: sikio hukuta maneno mawili yanayofanana, akili ikatafuta kisa cha kuyaunganisha.

Jibu la pili ni kitenzi kupunga, kama kupunga mkono au kupunga upepo. Ndege hupunga mabawa, kwa hiyo ni kipungu. Hili huanguka upesi kuliko la kwanza, kwani kati ya ndege wote wakubwa wa nyika ni vigumu kumpata asiyependa kupunga mabawa kama huyu. Jina hilo lingemfaa njiwa.

Kosa kubwa la majibu yote mawili ni kwamba yanatafuta asili ndani ya Kiswahili peke yake, kana kwamba neno hili lilizaliwa pwani. Ukitoka pwani ukaenda bara, unalikuta likikungojea.

Jamaa za neno katika lugha nyingine

Katika Kiganda, tai huitwa empungu. Waganda hawamchanganyi na mwewe, ambaye wanamwita kamunye, wala na tumbusi, ambaye ni ensega. Ondoa em- ya mwanzo na kinachobaki ni pungu kamili. Kuiondoa si ujanja wa kulazimisha mambo. Kiganda humwita tumbili enkima na Kiswahili kina kima. Kiganda kina enkoko na Kiswahili kina kuku. Mbele ya konsonanti kama k na p, Kiswahili kimeipoteza ile n au m ambayo Kiganda kimeitunza, na hupoteza kwa utaratibu, neno baada ya neno.

Katika Kishona cha Zimbabwe, ndege huyu mwenye mkia mfupi ndiye chapungu. Kiambishi kilichotangulia ni kingine, lakini shina ni lile lile. Kishona, kama Kiswahili, kimeihifadhi sauti p katika maneno mengi ya urithi: kupa ni kupa, na kupona ni kupona.

Ushahidi mzito zaidi hata hivyo uko karibu, katika Kikikuyu. Lugha hiyo ina neno hũngũ, linalomtaja ndege wa kundi la mwewe, adui wa vifaranga. Kwa sikio, hũngũ na pungu zaonekana kuwa mbali. Lakini mwenye kuzijua lugha zote mbili anafahamu kwamba penye p ya Kiswahili, Kikikuyu huweka h. Kupona ni kũhona. Kupanda mbegu ni kũhaanda. Kupaka mafuta ni kũhaka. Hapa ni haha. Kwa kanuni hiyo hiyo, pungu haina budi kuwa hũngũ, nayo ndivyo ilivyo.

Je, haiwezekani kwamba Wakikuyu waliliazima neno hili kwa wafanyabiashara wa pwani, kama walivyoazima mengine? Neno pesa ndilo linalojibu swali hilo. Pesa lilipofika bara katika nyakati za karibu, Kikikuyu hakikulifanya heca, kilisema mbeca. Mageuzi ya p kuwa h yalikuwa yamekwisha kufanyika zamani, na mgeni aliyechelewa hakuyakuta. Hũngũ limepitia mageuzi hayo. Basi lilikuwa tayari ndani ya lugha wakati yanatokea, kabla pesa yoyote haijavuka Tsavo.

Njia hii ya kupima undugu wa maneno kwa kanuni za sauti, wala si kwa kufanana kwa juu juu, ndiyo aliyoitumia Mjerumani Carl Meinhof katika kitabu chake cha 1899 kuhusu sauti za lugha za Kibantu, na ndiyo iliyomwongoza Mwingereza Malcolm Guthrie alipokusanya maelfu ya mashina katika majuzuu yaliyotoka kati ya 1967 na 1971. Inapotumiwa kwa kipungu, matokeo hayana utata. Neno ni la Kibantu, tena ni kongwe. Lilikuwapo kabla ya wazee wa Waganda, Wakikuyu, Washona na Waswahili kutengana kwa lugha.

Hapo ndipo asili ya kupungua inapovunjika. Kupungua kwa Kikikuyu ni kũnyiha, na kwa Kiganda ni kukendeera. Lugha hizo zina jina la ndege bila ya kuwa na kitenzi kinachodaiwa kulizaa. Isitoshe, empungu ya Waganda hutumika kwa tai wenye mikia mizima, na mwewe wa Wakikuyu ana mkia mrefu wenye panda. Jina halikuhusu mkia hata kidogo. Lilimhusu ndege mkubwa wa kuogopwa, na kila jamii ikalikaza juu ya yule waliyemwona zaidi: Waganda juu ya tai, Wakikuyu juu ya mnyang'anyi wa vifaranga, Washona juu ya yule mcheza sarakasi wa nyika.

Kwa Washona chapungu si ndege wa kawaida. Katika magofu ya Great Zimbabwe, mji wa mawe uliostawi kati ya karne ya 11 na ya 15, walikutwa ndege waliochongwa kwa jiwe laini, na mmoja wao yumo katika bendera ya nchi hiyo tangu uhuru wa 1980. Wapo wanaosema kwamba ni chapungu, na wapo wanaosema kwamba ni hungwe, yaani furukombe mla samaki. Dhahabu ya mji huo iliuzwa kupitia Sofala na Kilwa, kwa hiyo Mswahili wa Kilwa aliyezungumza na mfanyabiashara kutoka bara angeweza kulitambua jina la ndege huyo bila ya mkalimani.

Pungu wa baharini

Wavuvi wa pwani wana pungu wao, na huyo hana manyoya. Ni samaki wa jamii ya taa, bapa, mwenye mapezi mapana yaliyochongoka ubavuni kama mabawa, na mkia mwembamba kama mjeledi. Humwita pungu au taa pungu. Tofauti na taa wengine wanaojilaza mchangani, huyu huogelea kwa kupandisha na kushusha mapezi hayo, na anayemtazama kutoka juu ya ngalawa huona kitu kinachoruka ndani ya maji. Wazungu nao walimwona hivyo hivyo, wakampa jina la tai.

Kati ya ndege na samaki, nani aliyempa mwenziwe jina? Jibu liko katika jiografia. Shina hili linajulikana kando ya ziwa Nyanza na katika miinuko ya Mlima Kenya, mahali ambapo taa wa baharini hajawahi kuonekana, na kote huko linamtaja ndege. Ndege ndiye mwenye jina. Wazungumzaji wa Kibantu walipofika baharini walikuwa nalo tayari, wakamkuta samaki mwenye mabawa, wakamgawia.

Kozi, jirani wa kipungu

Kipungu si pekee aliye na ukoo mrefu. Kozi, ndege mbuai mwepesi anayesifiwa kwa uwindaji wake, ana ndugu kusini kabisa mwa Afrika: Wazulu na Waxhosa humwita tai ukhozi, na kituo cha redio cha Kizulu cha Ukhozi FM kimechukua jina lake hapo. Wazulu hawakukaa pwani ya Waswahili na Waswahili hawakukaa Natal. Hili nalo ni urithi wa pamoja.

Lakini kozi amepatwa na msiba ambao kipungu ameuepuka. Neno la Kiingereza la mafunzo ya chuo liliingia likakaa katika umbo lile lile, na leo kijana wa Nairobi akiulizwa kozi ni nini atataja uhasibu au ualimu. Wazee wa pwani wana methali isemayo kozi mwanamandanda, kulala na njaa kupenda. Maana yake ni kwamba hodari wa kuwinda akilala bila chakula ametaka mwenyewe. Kwa asiyemjua ndege, methali hiyo itasikika kama malalamiko ya mwanafunzi aliyekosa karo. Tai mwenyewe hakunusurika, maana kuna tai ya kufunga shingoni, ila ukubwa wake umemlinda.

Kipungu katika Biblia

Sehemu ambapo Wakenya wengi wamelipitia neno hili, pengine bila ya kusimama, ni katika orodha ya ndege waliokatazwa kuliwa. Orodha hiyo imo katika Mambo ya Walawi mlango wa 11 na katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 14. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka wa 1952, walikabiliwa na majina mengi ya Kiebrania ya ndege mbuai, mengine yakiwa ya ndege ambao wasomi hadi leo hawakubaliani ni nani. Ilibidi wachote katika hazina ya Kiswahili, na humo wakapata tai, furukombe, kipungu, mwewe, kozi, kengewa na kipanga.

Kipungu akawekwa mahali ambapo Kiebrania kina ozniyah, ndege ambaye baadhi ya tafsiri za Kiingereza zilimfanya mwewe mla samaki na nyingine zikamfanya tumbusi mweusi. Si yule wa mkia mfupi, kwa hakika. Watafsiri hawastahili lawama kwa hilo. Walihitaji majina tofauti kwa ndege tofauti, na Kiswahili kiliwapa. Wangekuwa wanafanya kazi hiyo kwa msamiati wa leo, orodha ingesema tai, na tai mwingine, na tai wa tatu.

Jina na sumu

Upungufu wa majina una madhara nje ya darasa la lugha. Simba anapoua ng'ombe, wapo wafugaji ambao huupaka mzoga dawa ya kuulia wadudu, hasa ile iitwayo kabofurani, ili simba akirudi afe. Wawindaji haramu nao hutia sumu kwenye mzoga wa ndovu ili ndege wasizunguke angani na kuwafichulia askari mahali walipo. Wanaokufa ni wengi kuliko waliokusudiwa. Kipungu yumo mstari wa mbele, kwa kuwa huruka chini, hukagua eneo kubwa kwa siku moja, na mara nyingi huugundua mzoga mdogo kabla ya tumbusi kushuka.

Ndege huyu hutaga yai moja tu kwa msimu. Jozi iliyopoteza mmoja kwa sumu haifidiwi upesi, na kinda aliyekufa leo ni kipungu ambaye angeanza kuzaa baada ya miaka kadhaa. Mwaka wa 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimpandisha hadi daraja la spishi zilizo hatarini kutoweka. Aina nne za tumbusi wanaopatikana Kenya zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika daraja la juu zaidi la hatari mwaka wa 2015. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 katika jarida la Nature Ecology & Evolution ulipima aina 42 za ndege mbuai wa nyika za Afrika, na asilimia 88 zilikuwa zimepungua.

Habari za namna hii zinapofika kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kawaida huandikwa kwamba tai kadhaa wamepatikana wamekufa. Msomaji hawezi kujua kama ni tumbusi wala mizoga, tai mwindaji au kipungu. Mfugaji anayeambiwa na afisa wa wanyamapori atoe taarifa akiona tai amekufa anaweza kumpita kinda wa kipungu, wa kahawia na mwenye mkia, akidhani ni mwewe asiyemhusu mtu. Afisa akiandika tai kwa wote watatu, daftari lake haliwezi kuonyesha ni yupi anayekwisha kwanza.

Msamiati wa kuwatenganisha upo, na hauhitaji kubuniwa na kamati yoyote. Anayeteremka juu ya mzoga akiwa na shingo tupu isiyo na manyoya ni tumbusi. Anayekaa juu ya mti kando ya ziwa, kichwa na kifua vikiwa vyeupe, akiwangoja samaki, ni furukombe. Mwenye mkia wenye panda, anayezunguka masokoni na kwenye majaa ya miji, ni mwewe. Na yule mweusi anayeyumba angani kama hana mkia, uso mwekundu, ni kipungu. Wakiwa wawili ni vipungu, nao wanaruka, hawaruki vinaruka.